Hoteli ya Mwembe Tayari, Mombasa, yenye tangazo ukutani: samaki, bei, na mishahara ya wanaokupakulia

Nianze na samaki, maana ndiye aliyenipeleka. Samaki wa kupaka wa hapa huchomwa kwanza juu ya makaa mpaka ngozi ishike weusi pembeni, ndipo apakwe tui zito lililopikwa na thomu, ndimu, manjano na pilipili ya kuwasha, halafu arudishwe motoni kidogo tui likauke juu yake. Hoteli nyingi mjini siku hizi humkaanga tu wakammwagia rojo, kisha wakaandika "wa kupaka" kwenye ubao. Ukila huyu utajua tofauti kwa vidole: tui halichuruziki, linashika. Anakuja na wali wa nazi, mchicha, na achari ya embe kijiko kimoja. Omba cha pili, hawakatai. Shilingi 420.

Najua utasema ghali. Nami nilisema. Mwanzoni mwa 2025 alikuwa 380, pilau ya nyama ilikuwa 230 na sasa ni 250, chai ya maziwa ikapanda shilingi tano. Kilichonifanya nisihame ni karatasi iliyowekwa fremu juu ya meza ya keshia, maandishi ya mkono, wino wa buluu: "Bei zimepanda. Kila anayekuhudumia hapa analipwa kwa sheria, na nyumba juu. Ukiona ghali tuambie, usimnunie weita."

Mimi kazi yangu ni kuandika vitabu vya hesabu vya biashara ndogo. Duka la vipuri, duka la dawa, hoteli mbili tatu. Nimeandika orodha nyingi za mishahara, na naweza kukuambia kwamba hoteli inayolipa kamili kima cha chini cha mshahara katika mji huu, pamoja na marupurupu ya nyumba, ni ya kutafuta kwa tochi. Kwa hiyo nilipomaliza kula niliomba kuonana na mwenyewe.

Mwenyewe ni mama wa makamo, wafanyakazi wote wanamwita Bi Mkubwa, na hukaa nyuma karibu na jiko na kikokotoo na daftari la kurasa za mistari. Jina la hoteli silitaji kwa sababu yeye ameniomba hivyo. "Mwanangu, ukiniandika watu wa kaunti watakuja kula bure," akasema. Iko hatua chache kutoka Mwembe Tayari, upande wa kuelekea Majengo, mlango wa kijani, na Jumapili hufungwa. Ukiuliza hoteli ya tangazo utaelekezwa.

Sasa hesabu, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu ninayoijua kuliko mapishi.

Mei Mosi ya 2024 Rais Ruto alitangaza nyongeza ya asilimia 6 kwa kima cha chini, ikaanza kutumika tarehe 1 Novemba mwaka huo. Kabla yake ilikuwa ile ya asilimia 12 ya Uhuru Kenyatta, Mei 2022. Kwa Nairobi, Mombasa na Kisumu, mtu wa ngazi ya chini kabisa, wa kufagia na kuosha vyombo, alitoka 15,201.65 akafika 16,113.75 kwa mwezi. Weita na mpishi wako ngazi moja juu, zaidi ya 17,000. Juu ya hapo kuna asilimia 15 ya nyumba kama mwajiri hakupi pa kulala, jambo ambalo waajiri wengi hulisahau kwa raha zao. Kwa hiyo muosha vyombo wa Bi Mkubwa anaandikiwa 18,530 na senti. Bi Mkubwa anaongeza NSSF asilimia 6, ushuru wa nyumba asilimia moja na nusu, na zile shilingi 50 za NITA, tozo ya mafunzo ya kazi. Ukijumlisha, mtu mmoja wa vyombo anamgharimu karibu 20,000 kwa mwezi. Naye mwenyewe, akishakatwa NSSF, SHA (bima ya afya ya serikali) na ushuru wa nyumba, anakwenda nyumbani na kama 16,600.

Watu ni kumi: wapishi watatu, weita wanne, wawili wa vyombo, na dada wa juisi. Jumla kama 210,000 kwa mwezi. Sahani zinazotoka ni kama 150 kwa siku, siku ishirini na sita.

Nikamuuliza swali ambalo kila mwenye biashara ninayemwandikia vitabu hulalamikia: ile asilimia 6 imekuumiza kiasi gani? Tukaipiga pamoja kwenye daftari lake. Kwa watu wote kumi, na nyumba na makato ya mwajiri ndani, ni kama 12,000 kwa mwezi. Gawanya kwa sahani 3,900. Shilingi tatu. Shilingi tatu kwa sahani! Sasa samaki kupanda kwa 40 kulitoka wapi?

Bi Mkubwa akacheka, akafunua kurasa za nyuma za daftari. Zamani alikuwa akilipa kibarua shilingi 500 kwa siku. Hiyo ndiyo bei ya mtaa huu, na hata sasa ukizunguka hoteli za jirani utaikuta. Mia tano mara ishirini na sita ni 13,000, bila nyumba, bila NSSF, bila chochote. Watu kumi kwa mtindo huo ni 130,000 kwa mwezi. Kutoka hapo mpaka 210,000 ni shilingi 80,000, na ukizigawa kwa sahani zile zile unapata kama shilingi 20 kila sahani. Pilau ilipanda 20 kamili. Samaki alipanda zaidi kwa sababu samaki mwenyewe ni ghali, hilo halihusiani na mtu yeyote wa jikoni.

Hapa ndipo nilipoweka kijiko chini. Kila Mei Mosi COTU, muungano wa vyama vya wafanyakazi, wanapiga kelele nyongeza haitoshi, Shirikisho la Waajiri, FKE, linaonya kwamba ajira zitapotea, na magazeti yanaandika asilimia. Ugomvi wote huo, kwa hoteli kama hii, ni juu ya shilingi tatu. Zile ishirini, ambazo ni gharama ya kutoka kwenye vibarua na kuingia kwenye sheria ambayo ipo tayari, hazina mtu wa kuzigombania. Katika nchi ambayo zaidi ya watu wanane kwa kila kumi walioajiriwa nje ya mashamba madogo wako jua kali, yaani sekta isiyo rasmi, swali la kwanza kwangu ni nani hasa anakilipa kima hicho, ndipo tuulize kikipanda kazi zitapungua au la.

Aliamuaje basi? Si kwa wema peke yake, na yeye hajifanyi. Mpishi wake mmoja aliyefanya kazi kama kibarua kwa miaka kadhaa alienda ofisi ya leba na simu yake, ndani kuna jumbe za M-Pesa za kila jioni, mia tano, mia tano, mia tano. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja, si kibarua tena. Ndiyo maana waajiri wengine humwambia mtu "pumzika wiki hii" kila mwezi unapokaribia kwisha. Bi Mkubwa hakuwa akiwapumzisha, kwa hiyo alilipa. "Nikaona heri nilipe kidogo kidogo kila mwezi kuliko kulipa kwa mkupuo nikitetemeka," alisema.

Na watu walipungua? Ndiyo, na nataka kulieleza hili vizuri kwa sababu nimewahi kubishana na watu wa pande zote mbili. Zamani daftarini mwake kulikuwa na majina kumi na manne. Sasa ni kumi. Mtu wa FKE akiliona daftari hili atasema: umeona, wanne wameondoka. Lakini nilipofungua siku moja moja, nikakuta kwa wastani kila siku walikuwa wakiingia tisa au kumi. Majina kumi na manne yalikuwa yakigawana nafasi kumi. Huyu siku tatu kwa wiki, yule nne, mwingine anaitwa tu Ijumaa ya biriani. Kazi ya hoteli haikupungua hata siku moja. Walipungua wanaoigawana. Kumi walipata mwezi mzima, wanne walikosa hata zile siku tatu. Mmoja wa wale wanne anauza bajia na viazi karai karibu na stendi, nimenunua kwake, ukwaju wake ni mzuri. Wengine watatu Bi Mkubwa hajui walipo.

Mimi kama ningeulizwa nichague kati ya watu kumi na wanne wenye nusu riziki na kumi wenye riziki, ningechagua kumi, lakini mimi si mmoja wa wale wanne.

Wachumi wameligombania hili kwa kutumia hoteli pia, ndiyo maana nalileta hapa bila aibu. Mwaka 1992 jimbo la New Jersey kule Marekani lilipandisha kima cha chini kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, jirani yake Pennsylvania ikabaki pale pale. David Card na Alan Krueger wakaulizia hoteli 410 za chakula cha haraka, kabla na baada, pande zote mbili za mpaka. Mwaka 1994 wakatoa matokeo: ajira New Jersey hazikushuka kama vitabu vilivyosema zitashuka. Bei ya chakula ndiyo iliyopanda. Wakaja David Neumark na William Wascher, wakachukua orodha za mishahara badala ya majibu ya simu, wakasema hapana, zilishuka. Card na Krueger wakajibu tena kwa rekodi za serikali. Krueger alifariki 2019, Card akapewa Nobeli 2021, na ubishi haujaisha. Mwaka 2017 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Washington walipoutazama mji wa Seattle uliopandisha kima chake, wakahesabu saa za kazi badala ya vichwa, na wakakuta saa za wenye ujira mdogo zimepungua. Wengine wakawapinga kwa kuwa hesabu yao iliacha nje makampuni yenye matawi mengi.

Ninachokipenda katika ubishi ule ni kwamba wamefika mahali pa kuuliza unahesabu nini: vichwa, saa, au mshahara unaofika nyumbani. Daftari la Bi Mkubwa linakupa majibu matatu tofauti kwa mwezi ule ule. Vichwa vimeshuka, siku za kazi zimekaa, pesa inayokwenda kwa wafanyakazi imepanda kwa zaidi ya nusu. Kila mtu anaweza kunyanyua daftari hilo na kushinda mjadala wake.

Turudi mezani, nisije nikageuza hakiki kuwa mhadhara.

Huduma. Weita ni wale wale kila ukienda, na hili kwa hoteli ya Mombasa ni jambo. Kuna kaka mrefu wa shati la maruni ambaye akishakuona mara mbili anakumbuka hupendi pilipili na unataka maji ya vuguvugu. Sahani zinakuja moto. Bili inaandikwa, haitamkwi kwa kukisia. Bi Mkubwa anasema glasi zinazovunjika zimepungua sana, na nyama iliyokuwa ikitoka kwa mlango wa nyuma imeacha kutoka. Zamani kila wiki alikuwa akimfundisha mtu mpya namna ya kupakua pilau bila kuumaliza mnofu kwenye sahani za mwanzo. Hizo ni gharama ambazo hazikuwa na mstari wake daftarini, lakini zilikuwepo. Ukiniuliza zile 80,000 zimezibwa na nini, nitasema shilingi 20 za wateja zimeziba sehemu kubwa, na hizi nyingine zimemsaidia kuvumilia ile miezi miwili ya kwanza wateja walipopungua.

Halafu kuna mashine. Pembeni ya jiko kuna mashine ya kukanda unga, ya mtumba, inanguruma kama matatu iliyokosa silensa. Kabla yake kulikuwa na kijana wa kukanda unga wa mahamri na chapati kuanzia saa kumi alfajiri. Nikasema moyoni, hii sasa ndiyo ile hadithi ya kitabuni: mshahara ukipanda mashine huingia. Bi Mkubwa akasema aliinunua kabla ya kuanza kulipa kwa sheria, kwa sababu kijana alikuwa na mkono mbovu, na pia "mashine haiombi ruhusa ya kwenda matangani." Kijana yule sasa ni mmoja wa weita wanne. Lakini akakiri kwamba kama si mashine angekuwa na watu kumi na mmoja. Mahamri, nikuambie ukweli, yalikuwa laini zaidi enzi za mkono. Ya sasa yanavimba vizuri lakini yakipoa yanakuwa magumu upesi. Kula saa moja asubuhi na mbaazi za nazi, usiyabebe ofisini.

Malalamiko ninayo. Feni ni mbili kwa ukumbi mzima na moja inazunguka kwa hisani. Bomba la kunawa lina maji ya kujitafutia kuanzia saa nane mchana. Ijumaa usijaribu kwenda baada ya sala ya adhuhuri kama una haraka. Biriani (350, Ijumaa tu) inasubiriwa nusu saa na zaidi, na hapa ndipo upungufu wa watu unapoonekana kwa macho. Zamani siku ya Ijumaa waliitwa vibarua wa ziada, sasa ni wale wale kumi wakikimbia. Nilimwambia Bi Mkubwa sheria haimkatazi kumwita kibarua wa siku moja, mradi amlipe inavyopasa. Akasema akishazoea kuita mmoja atarudi kulekule. Pilau ni nzuri lakini nyama ni vipande vitatu, na kimoja huwa mfupa. Juisi ya ukwaju ina sukari nyingi mno. Omba isiyotiwa, dada wa juisi anayo kando. Malipo ni taslimu au Lipa na M-Pesa, kadi hawana.

Je, nawashauri wenye hoteli ninaowaandikia vitabu wamfuate? Wawili ndiyo, mmoja hapana. Huyu mmoja ni mama mwenye kibanda Kongowea, anauza chapati na maharagwe kwa shilingi 100, sahani arobaini kwa siku njema. Elfu nne zinaingia kabla ya unga, mafuta, makaa na maji. Ana wasichana wawili. Akiwalipa kwa sheria, na nyumba na makato, ni kama 40,000 kwa mwezi, zaidi ya 1,500 kila siku anayofungua. Hana. Akiambiwa alipe au afunge, atafunga, au atabaki peke yake na bintiye wa shule jioni. Hapo wanaoonya wana hoja, ingawa sijawahi kuwasikia wakimsemea mama wa kibanda. Huwa wanawasemea wenye viwanda. Na hapo pia wanaodai nyongeza wananyamaza, kwa sababu wasichana wale wawili hawamo katika chama chochote.

Jambo jingine linaloniudhi, na si kosa la hoteli hii: kima chenyewe kimegawanywa kwa maeneo. Kwa amri ile ya 2024, mtu wa kufagia Mombasa alikuwa 16,113.75. Vuka feri, shika njia ya kusini mpaka ufike kijiji cha kaunti ya Kwale, mtu yule yule na fagio lile lile alikuwa 8,596.45. Nazi huko ni rahisi, sawa. Unga, sukari, na karo ya shule je? Mmoja wa wapishi wa Bi Mkubwa anatoka huko, hupanda matatu na kuvuka kila alfajiri, na anasema hata akitoa nauli hiyo, kazi hii inamlipa kuliko kazi yoyote ya kwao.

Chakula nakipa nne kwa tano. Huduma nne, Ijumaa mbili. Bei ni ya haki ukijua inalipia nini, na ukutani wamekuambia. Kwa mara ya kwanza, chukua samaki wa kupaka siku ya Jumanne au Jumatano, kaa meza za upande wa mlango kwa ajili ya upepo, na mwambie kaka wa shati la maruni akuletee kipande cha kati, si mkia.

Na nilipokuwa natoka Bi Mkubwa alisema anatafuta mpishi wa chapati, mwenye cheti cha afya, wa mwezi mzima na si wa siku. Mahamri yamemshinda, anataka kurudisha mkono. Anayejua kukanda aende saa nne asubuhi, wateja wa chai wakishapungua, aulize mlango wa kijani. Wakija wengi, alisema, atawapima kwa chapati moja moja.